Nati za hedi zisizofikiwa na toki renchi: zimeshakazwa kwa mkono mara mbili, oili bado inatoka

Msafiri wa Kibaha

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nina pikipiki ya silinda moja, cc 125, kamshafti iko juu na inazungushwa na cheni ya taimingi. Miezi miwili iliyopita ilianza kutoa moshi wa bluu. Nikaipeleka gereji ya jirani, wakaweka ringi mpya za pistoni na gasketi mpya. Moshi ukaisha kabisa, nikafurahi. Wiki mbili baadaye nikaona oili inalowesha mapezi ya silinda upande wa kushoto, pale hedi (kifuniko cha juu cha silinda) inapokutana na bloku. Nikarudi. Fundi hakufungua kitu. Alichukua spana, akaivalisha kipande cha bomba kuongeza urefu, akavuta. Siku tatu ikawa kavu, kisha oili ikarudi, safari hii ikitokea nyuma.

Jumamosi nimeifungua mwenyewe. Gasketi ya hedi upande mmoja imebanwa mpaka inang'aa, upande wa pili alama za kubanwa hazionekani vizuri. Stadi moja ya nyuma (bolti isiyo na kichwa inayoshika nati), nyuzi zake zimevutika. Ukizungusha nati kwa vidole inakwama katikati. Hiyo nimeibadilisha. Hedi nimeilaza juu ya kioo kinene na kupitisha filagegi (vibati vyembamba vya kupimia mwanya): ya milimita 0.05 haipiti popote, kwa hiyo nadhani haijapinda.

Kitabu cha pikipiki kinasema nati nne za hedi zikazwe kwa Nm (nyutoni-mita) 26, yaani kgf·m (kilo kwa mita) 2.65, na bolti mbili ndogo za pembeni upande wa cheni ya taimingi kgf·m 1.2. Nikaenda Gerezani, Kariakoo, nikanunua toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ya nusu inchi. Nimefika nyumbani nakuta mambo mawili. Kwanza, nati mbili za nyuma ziko chini ya bomba la chesesi (fremu ya pikipiki). Nafasi iliyopo ni kama sentimita 4. Soketi pamoja na kichwa cha toki renchi haviingii. Pili, bolti mbili za pembeni zimejificha kati ya mapezi, panapita spana bapa au ya ringi tu.

Sitaki kukaza kwa kukisia kwa mara ya tatu. Mnafanyaje sehemu kama hizi?

---

Kijiwe cha Mbagala

Nimepiga kambi hapa. Yangu inavuja palepale.

---

Mwalimu wa Karakana

Msafiri, pole kwa usumbufu, na hongera kwa kufungua kabla ya kukaza tena. Kabla sijafika kwenye nati za nyuma, nitazame toki renchi uliyonunua. Ile ya nusu inchi inayouzwa sana madukani ina kipimo kinachoanzia Nm 28 mpaka 210. Soma kwenye mpini wako. Kama ndivyo, haiwezi kupima 26, na 12 iko mbali nayo kabisa. Hata ingekuwa na alama chini ya 28, toki renchi ya kulia "ta!" ikifika namba uliyoseti huaminika kuanzia kwenye moja ya tano ya kipimo chake kwenda juu. Ya 210 usiiamini chini ya 42. Itunze kwa ajili ya nati za gurudumu la gari. Kwenye hedi ya cc 125 itakukatia stadi nyingine huku unasubiri mlio ambao hauji.

Sasa niambie: una mizani ya ndoano? Ile ya kupimia mizigo ya safari au samaki?

---

Msafiri wa Kibaha

Mwalimu, ni kweli, imeandikwa 28 hadi 210. Nimeishiwa nguvu.

Mizani ninayo, ya kidijitali, mwisho kilo 50. Ya mama, anapimia maharage.

---

Mwalimu wa Karakana

Basi kazi yako inawezekana leo leo, na muombe mama ruhusa.

Hiyo namba 2.65 maana yake ni hii: kilo 2.65 zikivuta kwenye mkono wa mita moja. Ukifupisha mkono, unaongeza kilo. Mkono wa robo mita utataka kilo 10.6. Hakuna siri nyingine ndani yake. Vitabu vingi vya Kijapani huandika kgf·m pembeni ya Nm, na hiyo ndiyo namba rahisi zaidi kwako kwa sababu mizani yako inasema kilo. Kitabu kikikupa Nm peke yake, gawa kwa 9.81.

Chukua spana yenye ringi upande mmoja na mdomo upande mwingine, namba 12. Ringi iingie kwenye nati. Ringi ni nyembamba, itapita chini ya bomba la chesesi. Kwenye mdomo funga kitanzi cha waya mgumu, ndoano ya mizani ishike hapo. Pima kwa rula kutoka katikati ya ringi mpaka waya unapokaa. Tuseme umepata sentimita 17. Gawa 2.65 kwa 0.17, unapata kilo 15.6. Unavuta taratibu mpaka mizani isome 15.6, unaacha.

Kwa bolti za pembeni, kama spana namba 10 ina sentimita 13, gawa 1.2 kwa 0.13: kilo 9.2.

Mambo ya kushika. Waya uvute kwa pembe mraba na spana. Pembe ikiteleza nyuzi 15 unapoteza kama asilimia 3, hilo linavumilika. Ikiteleza nyuzi 30 unapoteza asilimia 13, na hapo ndipo nati moja inakuwa tofauti na wenzake. Kata kona ya boksi la karatasi, iweke pale spana na waya vinapokutana, utaona kama mko sawa. Tena vuta usawa wa spana yenyewe, usivute kuelekea juu, maana spana itapanda na kula kona za nati. Mizani nayo uihakiki: dumu tupu lipime, tia lita 10 za maji, lazima ziongezeke kilo 10.

---

Nduthi Nakuru

Salamu kutoka Nakuru. Mwalimu amesema vizuri sana. Naongeza njia ya pili kwa wenye toki renchi ndogo.

Kuna vichwa vya spana vifupi vyenye tundu la mraba, unavichomeka kwenye toki renchi badala ya soketi. Nairobi vinapatikana Kirinyaga Road ukiuliza duka mbili tatu. Kichwa kinatokeza mbele ya toki renchi, kwa hiyo kinaingia pale soketi haiingii. Lakini kwa vile kinatokeza, kinarefusha mkono, na namba ya kwenye mpini inakuwa si ile inayofika kwenye nati.

Yangu: kutoka katikati ya mraba mpaka katikati ya mahali pa kushika ni sentimita 24. Kichwa kinatokeza sentimita 3. Nikitaka 26 kwenye nati, naseti 26 mara 24 gawanya kwa 27. Inakuja 23.1. Nikiacha 26 nitakuwa nimekaza 29 na zaidi kidogo.

Na mkono ushike palepale ulipopimia. Ukisogea mbele au nyuma, hesabu yote imebadilika.

---

Kijiwe cha Mbagala

Na ile fimbo ndefu ya kurefusha soketi, nayo inapunguza? Fundi wangu anasema ukitumia ndefu ongeza kidogo kwa sababu nguvu inapotea njiani.

---

Mwalimu wa Karakana

Haipotei, ndugu. Fimbo iliyosimama wima juu ya nati inajisokota kidogo, ndiyo maana unahisi toki renchi inakwenda mbali zaidi kabla ya kulia. Ila nguvu inayoingia juu ndiyo inayotoka chini. Usiongeze chochote. Shikilia kichwa cha juu kwa mkono wa pili kisiyumbe, basi.

Cha kuogopa ni yunivaso, kile kiungo kinachojikunja. Kikiwa kimepinda kidogo tu, sawa. Kikipinda sana, nguvu inayofika kwenye nati inabadilikabadilika kadiri unavyozungusha, na huwezi kuirekebisha kwa hesabu ya karatasi. Kwenye hedi mimi sikitumii.

Nduthi Nakuru amenikumbusha jambo zuri. Kile kichwa kifupi ukikigeuza kikae pembe mraba na mpini, yaani herufi L, hesabu yote inaondoka. Ukivuta mpini kwa pembe mraba, mkono unaohesabika ni urefu wa toki renchi peke yake. Unaseti 26, unapata 26. Pale nafasi inaporuhusu, fanya hivyo, maana makosa mengi ninayoyaona karakana ni ya kugawanya vibaya.

---

Babu Gereji

Nimesoma yote kwa utulivu. Nafanya kazi hii tangu pikipiki za mitaa yetu zinahesabika. Sijawahi kuwa na toki renchi na wateja wangu hawalalamiki. Spana namba 10 imetengenezwa fupi na namba 17 ndefu kwa makusudi, ili mkono wa mtu wa kawaida usizidishe. Shika namba 10 kwa vidole vitatu, shika namba 12 kwa kiganja. Ukiweka bomba, hapo umeharibu, na aliyemfanyia huyu kijana hivyo amekosea. Lakini mizani ya maharage kwenye injini? Mnawatisha vijana waone ufundi ni hesabu tupu.

---

Mwalimu wa Karakana

Shikamoo mzee. Ulilosema kuhusu urefu wa spana ni kweli tupu, na nawafundisha hivyo hivyo wanafunzi wangu siku ya kwanza.

Ninachokiona ni kwamba mkono wako umezoea nati iliyo wazi, umesimama vizuri, spana iko kifuani. Nati iliyo chini ya chesesi unaivuta umepinda, kwa vidole, kwa vipande vya robo ya robo mzunguko. Hapo mkono hauna kumbukumbu. Na uzi wenye oili na uzi mkavu havihisiwi sawa: sehemu kubwa ya nguvu unayoitia, karibu tisa ya kumi, inaliwa na msuguano wa nyuzi na wa chini ya kichwa cha nati. Kiasi kidogo tu kinachobaki ndicho kinachobana hedi. Ukiupaka oili uzi ambao kitabu kilitaka mkavu, namba ileile inabana zaidi sana. Nati nne zikiwa hivyo kila moja na lake, gasketi inabanwa kama ya Msafiri: huku inang'aa, huku haikuguswa.

Nakuomba kwa heshima, mzee, jaribu siku moja. Funga mizani kwenye spana yako, uvute kama siku zote, namba asome kijana wako, wewe usiangalie.

---

Babu Gereji

Marahaba. Nitajaribu.

---

Msafiri wa Kibaha

Wakuu, kabla sijafunga naomba mnisaidie mpangilio. Naanza na zipi? Na nyuzi nipake oili au niache kavu?

---

Mwalimu wa Karakana

Oili: fuata kitabu chako. Vingi vya injini za aina hii husema nati za hedi zipakwe oili ya injini kwenye uzi na chini ya nati, na bolti nyingine zikae kavu. Kisiposema, kavu na safi. Kama kuna bolti inayoingia kwenye tundu lisilotoboka upande wa pili, lipulizie hewa kwanza. Oili iliyobaki chini haibanwi. Bolti inaisukuma mpaka inapasua alumini. Nimeona hilo zaidi ya mara moja na ni hasara kubwa.

Mpangilio: injini iwe baridi. Bolti mbili za pembeni zitie kwa vidole tu, ziache zimelegea. Kaza nati nne kwa mshazari, ya mbele kushoto kisha ya nyuma kulia, ya mbele kulia kisha ya nyuma kushoto. Zunguka mara tatu: kwanza 10, halafu 18, mwisho 26. Kwa spana yako ya sentimita 17 hizo ni kilo 6, kilo 10.8 na kilo 15.6. Ziandike ukutani kabla mikono haijachafuka. Bolti za pembeni ndizo za mwisho. Ukizitanguliza, zinavuta hedi upande wa cheni, na nati kubwa zinakuja kukaza kitu kilichokwisha kuinama. Nashuku hilo ndilo lililoanza kukuvujishia upande wa kushoto.

Jambo jingine, angalia washa zako (zile pete bapa za chini ya nati). Katika baadhi ya injini ndogo za Kijapani na nakala zake, oili ya kwenda kwenye kamshafti hupanda pembeni mwa stadi moja, na nati ya stadi hiyo ina washa ya shaba peke yake. Ukiiweka mahali pengine, utakaza mpaka kesho na itavuja. Linganisha na mchoro wa kitabu.

---

Nduthi Nakuru

Hiyo ya washa naiunga mkono. Yangu ilivuja miezi minne kwa sababu hiyo, na kumbe kukaza hakukuwa na shida hata kidogo.

---

Fundi Kike Tanga

Mimi nina la kuongeza kuhusu bolti za pembeni, kwa sababu ndizo zinazonipa kazi kila wiki. Watu huzikaza kwa nguvu ileile ya nati za juu. Bolti ile ni ya milimita 6, inaingia kwenye alumini. Chuma cha bolti ni kigumu kuliko uzi wa alumini, kwa hiyo anayekufa ni uzi, na unakufa kimya kimya: unahisi spana imelainika kidogo, unadhani imekaa, kumbe nyuzi zinakatika. Jedwali la kawaida la Honda huipa bolti ya milimita 6 yenye kichwa namba 10 na kola (ukingo mpana chini ya kichwa) Nm 12, na ile ya kawaida isiyo na kola Nm 10. Milimita 8 ya kawaida ni 22, yenye kola 26 au 27. Nimeliandika kwa rangi kwenye mlango wa kabati langu. Kitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti, kitabu ndicho kinachoshinda.

Uzi ukishakufa, usijaze gundi. Unatobolewa, unachongwa kwa tapi na kuvikwa uzi mpya wa chuma. Kwenye tundu la pembeni ya silinda kazi hiyo hulazimu kuivua silinda, kwa hiyo ni bora kilo 9 za mizani.

Halafu ukitaka kuhakiki nati iliyokwisha kukazwa, usiivute tu uone mizani inasoma ngapi. Nati iliyokaa inang'ang'ania, itasoma juu kuliko ilivyo. Ilegeze robo mzunguko, moja moja, uikaze upya.

---

Babu Gereji

Nimerudi. Jana jioni nilifanya kama Mwalimu alivyoomba. Hedi ya zamani juu ya meza, nati nne, spana namba 12 yangu ya siku zote. Nikavuta kama ninavyovuta. Kijana akaandika, akageuza kilo kuwa Nm. Nilitaka zote ziwe 26. Zilikuja 25, 27, 26, 28. Nikaridhika, nikataka kuwaandikia hapa.

Lakini kijana akasema, babu, fanya kwenye pikipiki yenyewe. Tukaenda kwenye moja iliyokuwa inasubiri gasketi. Za mbele 26 na 28. Za nyuma, chini ya chesesi, 35 na 19. Ile ya 35 nilikuwa navuta nimepinda, kwa uzito wa mwili. Ile ya 19 spana ilikuwa inagonga bomba, nikadhani nati imefika.

Nimezilegeza na kuzikaza kwa mizani. Zile mbili za nyuma kuanzia sasa napima. Za mbele nitaendelea na mkono wangu.

---

Mwalimu wa Karakana

Mzee, asante sana kwa kutuandikia namba zote, pamoja na hizo mbili. Zimenifundisha kuliko nilivyotarajia. Wiki ijayo nitawaonyesha wanafunzi.

---

Msafiri wa Kibaha

Mrejesho, wakuu.

Nilifunga Jumapili asubuhi. Washa ya shaba ilikuwa imewekwa nati ya mbele kulia. Mchoro unaonyesha nyuma kulia. Nimeirudisha mahali pake, mpya. Gasketi mpya, nyuso nimezisafisha kwa kipande cha mbao na petroli, sikutumia kisu. Nati tatu nilizikaza kwa spana ya ringi na mizani kama Mwalimu alivyoelekeza, mdogo wangu akisoma namba kwa sauti.

Ile ya nyuma kushoto ringi iligonga mapezi, haikuweza kuzunguka vya kutosha. Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea, akakata kichwa cha spana kuukuu ya namba 12, akakichomelea kwenye soketi iliyokatwa nusu. Urefu wake kutoka katikati mpaka katikati ni sentimita 4. Nikaazima toki renchi ya jirani, kipimo 10 hadi 60, nikakikalisha herufi L na mpini, nikaseti 10, 18, 26 bila kugawanya chochote. Nilipata mlio mara moja kila hatua na sikurudia kuvuta.

Bolti za pembeni kilo 9.2. Zilikaa kwa ulaini mpaka niliogopa kwamba hazijakaza. Mkono ulitaka kuongeza. Sikuongeza.

Nimetembea kilomita 640 tangu siku hiyo, Kibaha mpaka Chalinze na kurudi mara mbili zikiwemo, na juzi nilibeba mzigo. Nimepitisha kitambaa cheupe kwenye mapezi pande zote asubuhi hii. Kikavu.

---

Kijiwe cha Mbagala

Naenda kutafuta mizani.

---

Fundi Kike Tanga

Msafiri, hicho kichwa kilichochomelewa usikitumie kulegeza nati zilizoganda. Moto wa kuchomelea hulainisha chuma pale kwenye kiungo. Kwa Nm 26 kinatosha, kwa kufungua nati yenye kutu kitakatika na kukuumiza vidole.

---

Msafiri wa Kibaha

Nimekuelewa dada, asante. Nimekifungia kamba nyekundu ili mtu asikichukue kwa bahati mbaya.

---

Babu Gereji

Kijana wa Kibaha, hiyo sentimita 4 umeipima kabla ya kuchomelea au baada? Nami nataka kukatisha kama hicho, ila cha namba 14.

---

Msafiri wa Kibaha

Baada, mzee. Kabla ya kuchomelea ilikuwa imezidi kidogo, chuma kikavutana kilipopoa. Pima chako kikishapoa kabisa.